Gia ya mbele inachomoka kwenye Yamaha Enduro 40

Ndugu yangu, umesema kwenye mashine yako ya boti, Yamaha Enduro 40, gia ya mbele inaingia, lakini ukiongeza moto inakwaruza na kurudi nyutro, na kwamba ilianza fundi alipofungua mguu wa mashine (sehemu ya chini yenye gia boksi na propela) kubadilisha impela, yaani feni ya pampu ya maji ya kupoza. Anzia hapo hapo. Fimbo ya gia imeungwa vipande viwili, na fundi huitenganisha kila anaposhusha mguu. Isiporudishwa sawasawa, mkono wa gia unafika mwisho wakati meno ya gia yameshika nusu tu.

Zima mashine, chomoa kofia za plagi. Mwenzako asukume mkono wa gia taratibu huku wewe ukizungusha propela. Nyutro izunguke huru kabisa. Gia ya mbele ikishika mkono ukiwa umefika ukingoni tu, fimbo irekebishwe.

Fimbo ikiwa sawa, mwaga oili ya gia kwa skrubu ya chini. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili zimechoka. Ukiona vipande vya chuma vinavyong'aa, meno ya klachi (kipande kinachoteleza na kushika gia) yameliwa. Badilisha klachi na gia ya mbele kwa pamoja. Tafadhali usikubali meno yachomelewe, yatakatikia ndani na kuharibu gia boksi nzima.

Na silensa, yaani mzunguko wa mashine bila kuongeza moto, isiwe juu. Punguza moto hadi chini, kisha ingiza gia kwa mkupuo mmoja. Kuisukuma polepole ndiko kunakosaga meno. Kabla hujatengeneza, usitoke nayo nje ya mwamba.