Ukipima mkondo kwa MRI, anza na nyaya zako

Mjomba wangu alikuwa nahodha wa jahazi Mikindani, na hakuna aliyethubutu kuweka kisu wala redio karibu na dira yake. Utotoni nilidhani ni ukali tu. Miaka mingi baadaye, nikisoma shahada ya pili ughaibuni, nilipoteza karibu miezi mitatu kwa kusahau kile alichokuwa akikikataza. Nawaandikia nyie wadogo zangu wa Mtwara na Lindi mnaosoma fizikia na kuniuliza utafiti wangu wa kupima mkondo wa umeme kwa MRI, ile mashine ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, unaanzia wapi.

Mwaka 1820 Oersted wa Denmark aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye mkondo. Popote umeme unapopita, uga sumaku, yaani eneo lenye nguvu ya sumaku, huuzunguka. Sasa pitisha mkondo mdogo ndani ya kitu chenye maji, ukiweke kwenye mashine ya MRI. Protoni za haidrojeni ya maji hayo huzunguka mara milioni 42.58 kwa sekunde kwa kila tesla moja, tesla ikiwa kipimo cha nguvu ya uga sumaku. Uga ukizidi kidogo hutangulia, ukipungua hubaki nyuma. Tofauti hiyo tunaiita awamu, na ndiyo tunayoisoma kwenye picha.

Ni kitu kidogo mno. Miliampia moja, kwa umbali wa sentimita moja kutoka kwenye waya mrefu ulionyooka, huzaa nanotesla 20 (nanotesla ni tesla moja ikigawanywa kwa bilioni), wakati mashine yenyewe ina tesla 3. Ukisubiri milisekunde 30, protoni zimeachana kwa pembe ya nyuzi 9 hivi. Zinapimika, lakini chochote kinachoingilia kitakupoteza.

Mimi nilitengeneza kopo la jeli ya aga na chumvi. (Aga hutoka kwenye mwani, ingawa si ule wanaolima akina mama wa pwani yetu.) Nikaweka elektrodi mbili, yaani vipande vya kuingizia na kutolea umeme, nikapitisha mkondo, picha ikatoka na upande mmoja unang'aa. Nilifurahi sana. Msimamizi wangu aliitazama, akauliza jambo moja tu: nyaya zinazoleta umeme zimepita wapi?

Zilipita upande ule ule, zimejipinda kama kitanzi.

Fikiria: ndani ya jeli mkondo umetawanyika, lakini waya unaubeba wote kwa pamoja. Uga wa waya ukauzidi ule nilioutafuta. Kilichoniponza zaidi ni kujiamini. Nilikuwa napima mara mbili, mkondo ukienda na ukigeuzwa, kisha natoa kipimo kimoja kwenye kingine ili kasoro za mashine zijifute. Kasoro za mashine hujifuta kweli. Uga wa nyaya haujifuti, maana nao hugeuka pamoja na mkondo!

Nilipokuja likizo Mtwara nilichukua dira ya marehemu mjomba, betri mbili na balbu ya tochi. Fanyeni hivyo hivyo, hata leo jioni. Laza waya mmoja juu ya dira, uelekee kaskazini na kusini, washa: sindano inasogea. Kisha sokota waya wa kwenda na wa kurudi pamoja, kama kamba ya ukindu, urudie. Sindano inatulia, kwa sababu uga wa waya mmoja unafutwa na wa mwenzake.

Kwenye mashine, sokoteni nyaya hadi karibu kabisa na elektrodi. Kipande kinachobaki wazi kielekezeni sambamba na uga mkuu, kwa kuwa MRI husoma tu ile sehemu ya uga wa mkondo iliyo sambamba na uga huo, na waya ulioelekea huko huzaa uga wa kukingama. Msiache kitanzi: mawimbi ya redio ya mashine yanaweza kukipasha moto kikaunguza. Na msimpitishie mtu umeme nyumbani kwa majaribio, hata kidogo. Hilo lina vibali vyake na wasimamizi wake.

Kabla ya jeli, pimeni waya mmoja ulionyooka ndani ya maji, mlinganishe na hesabu. Mimi niliporudi nilianza na huo, kisha nikarudia jeli yangu nyaya zikiwa zimesokotwa. Ule mng'ao wa upande mmoja haukuwepo tena. Ilibaki picha hafifu, yenye chembechembe, mkondo ukitoka elektrodi moja ukitanuka katikati na kukusanyika tena kwenye ya pili.