Msichana akiumwa tumbo kila mwezi, hesabu figo

Juzi usiku afisa wa kliniki mmoja wa Kayole aliniandikia: msichana wa miaka 13, maumivu makali chini ya tumbo upande wa kulia, mara ya tatu sasa, hedhi anapata kama kawaida. Ripoti ya altrasaundi inasema kidole tumbo hakionekani, kuna uvimbe wa ovari. Afanyeje?

Kabla ya kisu, arudishwe kwenye mashine aangaliwe figo. Zote mbili.

Wapo wasichana wanaozaliwa na miji miwili ya mimba, na uke wa upande mmoja umezibwa na ukuta wa nyama. Upande wa pili uko wazi, hedhi inatoka, kwa hiyo hakuna anayeshuku. Damu ya upande ulioziba inajikusanya mwezi baada ya mwezi mpaka mtoto hawezi kusimama wima. Figo ya upande huohuo kwa kawaida haipo, maana mfereji uleule wa kiinitete unaochipuza mrija wa figo ndio unaoongoza ukuaji wa mji wa mimba. Mara nyingi ni kulia, palepale pa kidole tumbo. Vitabuni inaitwa sindromu ya Herlyn-Werner-Wunderlich.

Kibofu kijae: glasi nne za maji, saa moja kabla ya altrasaundi. Akifika amekwisha kukojoa, mpe mengine usubiri, hata foleni ikinung'unika. Tumia proba ya tumbo, yaani kile kishikio cha mashine kinachopitishwa juu ya ngozi, ya masafa ya 3 hadi 5 MHz. Ya ukeni usimguse nayo msichana asiyewahi kujamiiana. Nyuma ya kibofu utakuta kwenye skrini mfuko wa majimaji yasiyo meusi kabisa, yana kama vumbi laini linaloelea. Hapo ndipo wengi huandika "uvimbe wa ovari", na mtoto wa watu anapasuliwa bure. Geuza proba kwa urefu, ufuate mfuko kwenda juu. Mfuko ukiishia kwenye shingo ya mji wa mimba, huo ni uke uliojaa damu. Tafuta ovari zote mbili, uwashe Dopla kuona kama damu inapita, kwa sababu ovari iliyojisokota haingoji kesho.

Sasa panda kwenye figo. Mahali pakiwa patupu, shuka tena nyonga. Huenda figo imekaa huko. Ni dakika mbili tu, na kuziruka hizo hakuna udhuru.

Usinyonye damu hiyo kwa sindano; tundu lile ni mlango wa vijidudu, na damu inageuka usaha. Omba MRI, picha ya mashine ya sumaku, ambayo huonyesha ukuta wenyewe na unene wake, ili daktari wa upasuaji ajue pa kukata. Akiwa na homa, apelekwe hospitali kubwa usiku huohuo.

Kwa hiyo, ndugu wa Kayole, kwenye fomu usiandike "maumivu ya tumbo" peke yake. Andika: "Maumivu ya kila mwezi, hedhi inatoka. Tafadhali angalia figo zote mbili na idadi ya miji ya mimba." Na umuulize mama yake tarehe za mara zote tatu.