Nilimficha mwenzangu kwenye fomu ya klirensi, kilichonikuta sitaki kikukute

Juzi nimefungua inboksi nakuta meseji ya dada mmoja yuko Texas, ndefu kweli, salamu peke yake mistari mitano, ila swali lenyewe ni moja. Kapata kazi kwa kontrakta wa serikali, wanataka klirensi ya usalama, yaani kibali cha serikali cha kuaminiwa na siri zake, na mume wake aliwahi kukaa jela miezi kadhaa kabla hawajajuana. Sasa anauliza, "Dada, nikiandika tumeachana si itakuwa salama zaidi?" Nikacheka peke yangu jikoni, halafu cheko likakata, maana mwaka 2023 mimi nilifanya hicho hicho. Tena yeye angalau anataka kusema wameachana, mimi wangu nilimfuta kabisa kama hajawahi kuzaliwa.

Mliokaa Marekani muda mnaijua hii njia. Umebeba boksi, umelea wazee wa watu zamu za usiku, umesoma vyeti vya kompyuta huku unasinzia kwenye basi, hatimaye umepata uraia (na sisi Watanzania ukichukua wa huku wa nyumbani unauachia, sheria yetu haina uraia pacha, siku ile nililia ila hiyo stori ya siku nyingine). Basi sasa unataka zile kazi za hapa Maryland na Virginia zenye mshahara wa maana, na kule bila klirensi mlango huvuki, na klirensi yenyewe wanapewa raia. Mimi nilipata barua ya kazi yenye masharti, kazi ya kuhudumia kompyuta za wafanyakazi, klirensi ya Top Secret, ile ya siri kubwa. Nilipiga simu Mwanza mama akapiga vigelegele majirani wakadhani kuna harusi.

Ikaja fomu, inaitwa SF-86, ukiiprinti ni zaidi ya kurasa 100. Ulikaa wapi miaka 10, ulifanya kazi wapi, ndugu walioko nje, madeni, bangi, umewahi kukamatwa. Nikaenda vizuri mpaka sehemu ya 17. Pale wanauliza ndoa, na chini yake wanauliza kama kuna mtu unaishi naye, na wamefafanua vizuri kabisa kwamba siyo yule mnayechangia kodi tu, ni yule mnayeishi pamoja mkiwa na mapenzi na ahadi kati yenu.

Sasa sisi tulikuwa tumesogezana mwaka wa pili huo. Mama anajua naishi na dada mmoja wa Arusha. Na mwenzangu ana rekodi. Akiwa na miaka 22 rafiki yake alimpa cheki aiweke kwenye akaunti yake, atoe hela wagawane, cheki ikawa feki, akakiri kosa mahakamani akapewa kifungo cha nje miaka miwili na kurudisha hela za benki. Alilipa zote mpaka senti ya mwisho, na aliniambia mwenyewe wiki ya pili tu tunajuana, hakunificha kitu.

Mimi ndio nikamficha. Nikaweka alama ya hapana, nikabonyeza inayofuata. Nikajiambia mbona hatujafunga ndoa, kisheria huyu si mtu wangu.

Sasa sikia ujinga wangu. Fomu hiyo hiyo kwenye anwani za miaka ya karibuni inakutaka uandike mtu anayekufahamu pale unapoishi. Nikaandika bibi wa chini, mama wa Kimarekani mwenye kijimbwa cheupe, mtu wa kanisani, nikaona huyu atanisifia. Na kweli alinisifia. Mpelelezi alipomgongea mlango bibi akamwambia hawa ni wapangaji wazuri sana, yeye na mume wake, mume ndiye anayenibebea mifuko ya takataka.

Jamani.

Interviu yangu ilikuwa kachumba kadogo, meza, viti viwili, boksi la tishu (nikajiuliza tishu za nini, nikaja kujua). Yule mpelelezi mama mpole kabisa. Kabla ya yote akaniuliza kuna chochote ungependa kuongeza au kurekebisha kwenye majibu yako? Nikasema hapana. Hapo ndipo nilipojimaliza, maana utaratibu wao ukijisahihisha mwenyewe kabla hawajakubana inahesabika kwa faida yako. Akageuza karatasi, akasema, nani anaishi na wewe?

Niliwahi kusikia watu wanasema damu inakuwa baridi, mimi ilikuwa masikio yanapata moto. Nikaeleza huku nalia, ya mama, ya kanisa, ya dada wa Arusha, akaandika tu. Cha kuniuma zaidi, kuhusu ile kesi ya cheki aliniuliza maswali matatu tu: ulijua, bado anafanya mambo hayo, kuna hela zake zilipita kwenye akaunti yako. Basi. Alikuwa na habari zote tayari. Muda uliobaki wote ulikuwa kwa nini ulidanganya.

Nilipotoka nikaenda kusoma ile miongozo yao ambayo ningeisoma mwanzo. Ni 13, inatumika tangu Juni 2017, na hakuna hata mmoja unaosema ukiolewa na mwenye rekodi unanyimwa. Kuna unaogusa kushirikiana na watu wanaojihusisha na uhalifu, lakini wanaangalia mazingira, kama ulikuwa hujui, kama yameisha, kama hayakutii wewe doa. Wao wanapima mtu mzima mzima. Ila kudanganya kwenye fomu kumetajwa humo waziwazi, na sheria ya shirikisho inaweza kukupa mpaka miaka 5 jela. Yaani mwenzangu alipata kifungo cha nje, mimi nilikuwa nataka kwenda ndani kwa ajili ya kumficha yeye. Na ukiwaza kwa akili yao utaelewa, mwenye siri ndiye anayetishika, mtu akija akasema nipe nyaraka au namwambia mama yako, utafanyaje?

Kampuni haikungoja. Mwezi wa tano wakaondoa ile barua ya kazi, na kampuni ikijitoa faili linaishia hapo. Nikarudi kwenye zamu za usiku.

Nyumbani ndio kulikuwa kugumu zaidi. Nilimwambia nilifanya vile kwa sababu ya mama. Akanitazama akasema, "Mama yako hasomi hiyo fomu." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Na yule bibi wa chini nilimnunia miezi, eti kanisaliti, kumbe ndiye pekee aliyesema kweli jengo zima.

Tulifunga ndoa 2024, mahakamani, mama akaangalia kwa video. Kampuni nyingine ikaja, fomu ikaja tena, na safari hii niliandika kila kitu. Nilikwenda na mwenzangu mahakama iliyomhukumu tukachukua nakala ya hukumu yenye muhuri, na uthibitisho kwamba deni lote lilishalipwa, nikaambatisha na maelezo ya ile hapana yangu ya 2023. Ilichukua muda mpaka nikakata tamaa. Jumanne iliyopita afisa usalama wa kampuni kanipigia, imepita.

Kwa hiyo dada wa Texas, mwandike. Mwandike mume wako kama alivyo, na wewe kaka unayesoma kimya kimya na mchumba wako ana kesi ya kupigana, mwandike. Kachukue nakala ya hukumu, siyo stori ya mdomo. Muulize madeni yake, maana yale mliyokopa pamoja yataonekana. Kama anavuta bangi, jueni kwamba Maryland imeruhusu tangu Julai 2023 lakini serikali kuu bado haijaruhusu, na klirensi ni ya serikali kuu. Ukishapewa klirensi halafu ukaoa au ukaanza kuishi na mtu, toa taarifa, hilo nalo ni sharti. Nasema tena mwandike, sisi tunapenda sana kuficha, tumelelewa hivyo, mgeni akija chumba kibaya kinafungwa. Hawa hawaji kama wageni, wanakuja na funguo.

Na kama bado anafanya hayo mambo, hapo usiniulize mimi cha kuandika, muulize yeye anaacha lini.

Jioni ile ya Jumanne nilimkuta anaosha vyombo, nikamwambia imepita. Akasema hongera, hakugeuka. Baadaye kidogo akauliza, "Safari hii uliniandika wapi?"

"Sehemu ya 17. Mume."

Akanikabidhi sahani nifute.