Ujazo Umepungua? Kwanza Hesabu Kilichotoka

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya data za bahari hapa Dodoma, karibuni sana. Nimepitia rasimu zenu wiki hii, na makosa ya waliowatangulia yamerudi vilevile. Someni haya kabla hamjawasha kompyuta.

1. Boya la kawaida la Argo (chombo kinachozama na kuibuka chenyewe kikipima joto na chumvi ya bahari) linaishia mita 2,000. Msinichoree maji ya chini kabisa ya Antaktika kwa data zake.

2. Tumieni densiti potenshali, yaani densiti ambayo maji yangekuwa nayo yakiletwa usoni, la sivyo mgandamizo wa kilindini utawapotosha.

3. Ujazo wa tungamo la maji (maji mengi yenye joto na chumvi inayofanana) na uundaji wake ni vitu viwili. Hapa ndipo mnaponiumiza kichwa. Binti mmoja, hodari kweli wa kuandika programu, alileta grafu ya Maji ya Nyuzi 18 ya Bahari ya Sargasso, huko Atlantiki ya Kaskazini, yale ambayo mtaalamu wa bahari Worthington aliyaeleza mwaka 1959. Alikata tabaka la nyuzi 17 hadi 19, akajumlisha ujazo mwezi kwa mwezi. Mstari ukapanda hadi mwisho wa baridi, kisha ukateremka mpaka vuli. Chini yake akaandika: "Uundaji unazidi kudhoofika." Nikamwambia aweke kidole kwenye Februari, anieleze huko kunatokea nini. Kimya.

Huko kuna upepo baridi na mkavu kutoka Amerika Kaskazini. Ukipita juu ya Gulf Stream, mkondo wa maji ya moto wa Atlantiki, unanyonya joto la bahari, maji ya juu yanakuwa mazito, yanazama na kuchanganyika hadi mamia ya mita. Baridi ikiisha jua linapasha uso, na maji yale yanabaki yamefunikwa. Uundaji hauwezi kudhoofika Agosti, maana Agosti haupo! Kinachokula ujazo wakati huo ni mkondo unaoyasafirisha na mchanganyiko unaoyahamishia tabaka jingine.

Nendeni Kibaigwa mkaangalie ghala la mahindi. Likipungua huwezi kusema wakulima hawajaleta. Huenda malori yamepakia zaidi, au magunia yamehamishiwa daraja jingine. Mtaalamu wa bahari Walin aliliwekea jambo hili hesabu mwaka 1982: joto linalopita usoni mwa bahari hukuonyesha maji kiasi gani yanavuka kutoka daraja moja la joto kwenda jingine, na tofauti ya yanayoingia na yanayotoka ndiyo uundaji. Makala yake isomeni kalamu mkononi.

Hata miaka ina hila zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Bahari ya Labrador, kati ya Kanada na Greenland, ilichanganyika kupita mita 2,000. Zikafuata baridi hafifu, akiba ikawa inapungua, hadi baridi ya 2007/2008 ilipochanganya tena kwa kina. Aliyekata data zake mwaka 2005 angeapa kuwa tungamo lile linakufa.

4. Ukiona ujazo umeruka kati ya 2003 na 2007, hesabu maboya kwanza; huenda kilichoongezeka ni vipimo, si maji. Lengo la maboya 3,000 lilifikiwa 2007.

5. Maji yakipashwa hadi nyuzi 19.1 yanatoka kwenye jumla yako, ingawa bado yapo palepale. Jaribuni mipaka zaidi ya mmoja.

Jumatatu msiniletee grafu. Nataka jedwali la safu tatu: kilichoundwa, kilichosafirishwa, kilichochanganyika. Jumla ikikataa kulingana na badiliko la ujazo, njooni nayo hivyohivyo, tutafute wote palipovuja.