Wakikufungia stoo wakisema umeiba, dai polisi

Wiki iliyopita nimepata ujumbe wa binti mmoja wa Arusha, nikaacha chakula mezani. Anasema aliingia supamaketi moja mjini kununua sabuni na pedi, akalipa, na alipofika mlangoni mlinzi akamshika mkono mbele za watu. Wakampeleka stoo, simu wakamnyang'anya. Wakamwambia kuna losheni haionekani kwenye rafu na yeye ndiye alikuwa amesimama pale, kwa hiyo alipe mara kumi ya bei, la sivyo apigwe picha ibandikwe mlangoni. Binti wa watu akampigia kaka yake kwa simu ya mlinzi, hela ikatumwa, akasainishwa karatasi ya kukiri, ndipo akaachiwa. "Shikamoo dada. Mimi sikuiba, lakini nimeshalipa na nimeshasaini. Bado nina haki kweli?"

Marahaba, mdogo wangu. Haki unayo, na nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua yaliyokupata yanawapata wengi, na kwa sababu kile chumba cha nyuma nimekaa.

Mimi yalinikuta Moshi, Julai, ile baridi yenyewe ya Moshi. Nilipitia supamaketi kuchukua maziwa ya unga. Mkobani nilikuwa na chupa yangu ya mafuta ya nazi, na kumbe kwao nao wanauza aina ileile. Mlinzi aliiona nilipofungua mkoba kutoa hela. Hakuniuliza kitu. Alinisubiri mlangoni, akanishika juu ya kiwiko, akasema kwa sauti iliyofika hadi kaunta: "Mama, rudi ndani, kuna kitu hujalipia." Foleni nzima ikageuka. Mmoja wa waliogeuka tunasali naye jumuiya moja. Akaniangalia, akainamisha macho, akaendelea kupanga vitu vyake kwenye mfuko.

Stoo kulikuwa na magunia ya sukari na kreti za soda. Nikaambiwa nikae kwenye kreti. Mlinzi akamwaga mkoba wangu juu ya boksi la tambi: funguo, Panadol, kitambulisho cha NIDA, pedi. Zile pedi alizishika moja moja, akazigeuza, vijana wawili wa kupanga mizigo wakitazama. Nina umri wa kuwazaa wote watatu. Mpaka leo nikipita barabara ile navuka upande wa pili.

Bahati yangu niliwahi kuwa karani kwenye ofisi ya wakili. Nilikuwa nachapa nyaraka za kesi za aina hii tangu asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo waliponisogezea karatasi na kalamu, nilikuwa najua la kusema. Nikamuuliza: "Nani ameniona nikichukua?" Kimya. Nikauliza tena, nikasema, "Kama mmenikamata, nipelekeni polisi sasa hivi. Kama hamjanikamata, fungueni mlango." Nilisema hivyo hivyo bila kupaza sauti, na sikusema kingine.

Ni hapo mambo yalipogeuka, na ndiyo maana nataka uyashike maneno yale. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu raia wa kawaida kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa kama wizi mbele ya macho yake. Mlinzi wa duka ni raia wa kawaida. Sare na kirungu havimfanyi kuwa askari polisi. Na akishakukamata, sheria hiyohiyo inamtaka akukabidhi kwa polisi bila kuchelewa, na asikubane kuliko inavyohitajika ili usitoroke. Kukuhoji saa nzima, kukutoza faini aliyoipanga mwenye duka au kukusainisha vikaratasi, hakuna alikopewa ruhusa hiyo. Na mwanamke akipekuliwa, anapekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha.

Meneja alikuja mbio. Akaishika ile chupa, akafungua kifuniko. Mafuta yalikuwa yameganda meupe kwa baridi, na katikati kuna shimo nililochokonoa kwa kijiti asubuhi ile nikijipaka. Kijiti chenyewe kilikuwa bado kimekwama humo. Akafunga kifuniko taratibu. "Samahani mama, yameisha, nenda tu nyumbani."

Yameisha kwa nani? Mimi nilitoka pale nikiwa mwizi machoni pa foleni nzima.

Nikaenda kwa bosi wangu wa zamani, akaandika notisi ya madai. Walikataa kwanza, wakamrushia mpira kampuni ya ulinzi, kampuni nayo ikawarudishia, yale ya kawaida. Lakini mwajiri anabeba kosa la mtumishi wake akiwa kazini, na hilo walikuja kulielewa kabla hatujafika mahakamani. Walinilipa, na wakaniandikia barua ya kuomba radhi yenye mhuri. Nikaenda nayo jumuiya, nikaomba dakika chache baada ya sala, nikaisoma yote, mpaka tarehe. Yule dada wa kwenye foleni alikuwepo. Kuna watu waliniambia nilijikweza. Sawa. Mtu aliyedhalilishwa hadharani asafishwe hadharani, na sitaomba radhi kwa hilo.

Sasa nikurudie wewe, binti yangu wa Arusha, na wote mtakaokutwa na hili.

Usikimbie. Hili naliweka mbele ya yote kwa sababu nchi yetu tunaijua. Ukikimbia kutoka dukani na mtu mmoja akapiga kelele za "mwizi!", bodaboda watakufikia kabla ya polisi, na wananchi wenye hasira kali hawaombi risiti. Wamekufa watu kwa simu, kwa kuku, kwa kusingiziwa tu. Usipigane na mlinzi pia. Simama, sema kwa adabu unataka polisi, na uliza nani amekuona. Polisi wenyewe wana masharti: unatakiwa ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au upewe dhamana, na dhamana haiuzwi.

Usisaini. Usilipe. Najua hofu ya kile chumba, najua unachotaka ni kutoka tu, lakini unaposaini unawapa wao silaha. Wizi ni kosa la kifungo cha hadi miaka 7, halafu wewe unaliandikia kwa mkono wako kwamba umelitenda! Ila aliyekwisha kusaini kama wewe asikate tamaa. Ungamo lililopatikana kwa vitisho linapingika. Na kumtaka mtu hela kwa vitisho ni kosa la jinai lenyewe, kama vile kumfungia mtu kinyume cha sheria lilivyo kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Lile bango la "ukikamatwa utalipa mara kumi" ni maandishi ya mwenye duka, Bunge halijapitisha kitu kama hicho.

Risiti ya EFD usiitupe kabla hujafika nyumbani. Ina tarehe, ina saa, ina TIN ya duka.

Na picha yako ikibandikwa au kurushwa kwenye magrupu ya WhatsApp na neno mwizi, hapo wamejiongezea kesi. Kuna kashfa, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Katiba yetu, Ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Arusha ndiko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikoweka makao yake, majaji wanatoka nchi kibao kuja kuketi hapo, halafu hatua chache kutoka hapo binti anafungiwa stoo na sukari. Inaniuma.

Wenye maduka nanyi sikieni, maana wengi mnaonisoma mna duka au mnaota kufungua. Mimi sasa nina la vipodozi, Majengo, na naibiwa. Lipstiki ndogo zinaondoka kila siku. Nawaelewa kabisa. Lakini msichana wangu wa kaunta nimemfundisha: kama hukumwona kwa macho yako akichukua, akificha na akipita kaunta bila kulipa, usimguse. Muulize kwa heshima, "Dada, kuna kitu umesahau kulipia?" Mwizi mwingi anarudisha palepale. Ukimkamata kwa haki, mwite polisi, mkae naye mahali pa wazi. Akiwa mtoto, mwite na mzazi. Wa chini ya miaka 10 kisheria hana hata jinai ya kujibu. Na hasara ya rafu usiikate kienyeji kwenye mshahara wa mfanyakazi, maana ukifanya hivyo ndipo naye anapoanza kumkaba kila mteja mlangoni ili apate hela ya kula. Lipstiki moja haifiki hata robo ya nilicholipwa kwa ile chupa ya mafuta.

Binti yangu, madai ya aina hii yana ukomo wa miaka 3 tangu siku ya tukio, na lako ni la juzi. Leo hii andika kila kitu ukiwa bado unakumbuka: saa, sura, maneno, nani alishika nini. Muamala wa kaka yako uko kwenye simu yake na namba iliyopokea inaonekana, mwambie asiufute. Fungua taarifa polisi upate RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao. Huna hela ya wakili, nenda ofisi ya Arusha ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Msaada wa kisheria kwa asiye na uwezo upo kwa sheria tangu 2017. Ile karatasi uliyosaini huna nakala, usihangaike kuirudia dukani peke yako. Mpe wakili jina la duka, aiombe yeye kwa barua.

Na namba yangu unayo. Siku ya kwenda, nipigie, nipande basi nije tuingie wote.