Wifi anasema Disney si ya watu wasio na watoto

*Somo, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mume wangu ni wa Mombasa, tunaishi Columbus, Ohio. Julai tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Mtoto hatujajaliwa. Mimba mbili zimeharibika, na mwaka jana tulikubaliana kuacha matibabu kwa kuchoka, mwili na mfuko. Zile pesa tulizokuwa tunamwekea daktari bado zipo. Nilimwomba mume wangu tuzitumie kwenda Walt Disney World kule Florida, siku tano au sita, sisi wawili. Lile kasri nilikuwa naliona kwenye televisheni ya jirani tangu niko mdogo. Alikubali. Kosa langu ni kumwambia wifi. Alicheka, akasema: "Wazima nyinyi mnakwenda kupanda farasi wa mbao?" Kisha akasema kama lazima twende, basi tuwachukue wanawe wawili, wa miaka 10 na 12, angalau safari iwe na maana. Tangu siku hiyo mume wangu yuko kimya, na jana kaniambia labda dada yake hajakosea, tutaonekanaje pale wawili watupu katikati ya watoto wa watu. Tena yeye ni mwoga wa vitu vya kupaa juu. Wifi hajui habari za zile mimba. Nifanyeje?*

*Mkono Mtupu, Columbus*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikamkasirikia wifi yako, mara ya pili nikachukua kalamu nikaanza kupiga hesabu. Tuanze na hesabu, maana hasira yangu haitakusaidia.

Pale Disney ya Florida, mtoto asiyefika miaka 3 huingia bure. Kuanzia 3 hadi 9 hulipiwa tiketi ya mtoto. Aliyefika miaka 10 ni mtu mzima, analipa kama wewe na mumeo. Kwa hiyo wifi anakuletea watu wazima wawili na kuwaita watoto. Tiketi ya siku moja inazidi dola 100 kwa kila kichwa, na siku za sikukuu kubwa huweza kufika 200. Ukichukua tiketi ya siku kadhaa, kila siku inashuka bei kidogo, lakini zidisha kwa wanne, weka nauli ya ndege, chumba cha kuwatosha, na chakula cha kijana wa miaka 12 anayekua. Safari ya siku sita imeshakuwa ya siku tatu. Na hizo tatu zitapangwa na hao wawili: saa ya kuamka, cha kupanda, cha kula, saa ya kununa. Siwalaumu, ndivyo watoto walivyo na ndivyo inavyotakiwa. Ila hiyo ni safari nyingine, si uliyoiomba.

Sasa nije kwenye lililonigusa zaidi. Pesa hizi kwa miaka zilikuwa za mtu ambaye hajaja. Likizo ziliwekwa kwa ajili yake, kalenda ilihesabiwa kwa ajili yake, hata usingizi wenu ulikuwa na ratiba ya daktari. Leo ndiyo mara ya kwanza pesa zile zinatazamwa kama pesa zenu wawili, na kabla hazijapoa mkononi tayari zimetafutiwa watoto wengine. Ninajua wifi hakukusudia hivyo. Hajui. Lakini kutokujua kwake hakumpi haki ya kugawa viti vyenu. Usimwambie siri ya zile mimba ili akuruhusu kwenda. Siku ukitaka kumwambia kwa sababu unahitaji bega, mwambie. Kumlipa kwa siri hiyo ili akuachie safari yako, hapana.

Wa kusema na wifi si wewe, ni mumeo. Ni dada yake, aseme mwenyewe. Ukisema wewe, kesho itakuwa "mke kamkataza kaka yetu". Mumeo apige simu, asiandike ujumbe, na asiseme mengi: "Dada, tumekaa tumeamua, hii ni safari ya miaka kumi ya ndoa yetu, tunakwenda wawili. Watoto tutawatoa siku yao." Aishie hapo. Akianza kutoa sababu, kila sababu itajibiwa. Na hiyo siku yao iwe ya kweli, yenye tarehe. Hapo Columbus mna bustani kubwa ya wanyama, na ubavuni mwake kuna Zoombezi Bay yenye mabwawa na michezo ya maji. Wapelekeni Jumamosi moja ya kiangazi, warudi kwa mama yao wamelowa na kusinzia. Hapo hakuna atakayesema hamwapendi.

Sasa shemeji yangu wa Mombasa na aibu yake. Mwambie hivi: Walt Disney mwenyewe alisimulia kwamba wazo la viwanja vyake lilimjia akiwa amekaa kwenye benchi pale Griffith Park, Los Angeles, anakula njugu na kuwatazama binti zake wawili wakizunguka kwenye farasi wa mbao. Mtu mzima kakaa, hana la kufanya. Akawaza pangekuwa na mahali ambapo wakubwa nao wanafurahi pamoja na watoto. Mwaka 1955 akafungua Disneyland ya California, na ile ya Florida ikafunguliwa 1971, yeye ameshafariki. Kwa hiyo mtu mzima pale hajavamia karamu ya wenyewe.

Tena sisi tunashangaa nini? Idi ya Mnazi Mmoja pale Unguja, wanaokwenda ni watoto peke yao? Wake kwa waume wamevaa, wamejifukiza, wanatembea taratibu wakila vya kununua na kutazamana nguo. Bembea wamewaachia wadogo, lakini sikukuu ni yao pia. Disney nendeni hivyo hivyo.

Ila sitakudanganya. Watoto mtawaona, maelfu, na vigari vyao, na baba zao wamewabeba mabegani. Kuna saa litakuchoma. Kwa niliyoyaona, panapochoma zaidi ni kiwanja cha Magic Kingdom, penye lile kasri lako, hasa mchana. Lakini ndilo ulilolitamani tangu mdogo, usiliruke. Nendeni jioni moja, mle mapema, mtafute pa kusimama, mtazame taa na fataki juu ya kasri. Gizani kila mtu anaangalia juu. Na kabla hamjaondoka nyumbani pataneni neno moja la siri, lolote, hata "chai". Mmoja wenu akisema "chai", mnatoka papo hapo, hakuna swali wala "subiri kidogo tumelipa". Mtalizungumza hotelini mkitaka.

Ninaloligomea ni Julai. Ndoa ilifungwa Julai, sawa, lakini Orlando mwezi huo joto hufika nyuzi 33, mvua ya radi hushuka karibu kila alasiri, na shule zimefungwa Marekani nzima. Mtasherehekea mkiwa kwenye foleni. Septemba watu hupungua, ila ndio msimu wa vimbunga umepamba moto. Mimi ningechagua mwisho wa Januari, baada ya ile Jumatatu ya mapumziko ya Martin Luther King na kabla ya wiki ya Siku ya Marais ya Februari. Asubuhi pana baridi kidogo, chukueni sweta, lakini nyie mnatoka kwenye theluji ya Ohio, mtaona ni Tanga. Na bei ya tiketi pale hubadilika kulingana na tarehe, hivyo mtaokoa kitu.

Mwisho wa Januari pia EPCOT, kiwanja kingine cha hapo hapo Disney, huwa na tamasha la sanaa, na EPCOT ndiyo ninayotaka muipe siku mbili. Ni kiwanja cha watu wazima kama kipo. Kuna ziwa, na kulizunguka ni mwendo wa kama kilomita 2, nchi 11 zimejengwa ukingoni, kila moja na chakula chake. Ingieni Morocco mkae. Vigae vile na nakshi zile ni kazi ya mikono ya mafundi waliotumwa na Mfalme Hassan II kutoka Morocco kwenyewe, ilifunguliwa 1984, na ukipitisha macho milangoni utasema uko nyumbani kwa mtu. Nendeni siku za katikati ya wiki. Jioni za wikendi kuna watu wanaojipa kazi ya kunywa glasi moja kila nchi, na wakifika nchi ya nane hawajui tena wapo bara gani.

Kisha Animal Kingdom, na hapa nacheka peke yangu. Waliojenga kile kiwanja walichukua sura ya Lamu, wakajenga kijiji wakakiita Harambe. Kuta za chokaa, milango, mabango ya Kiswahili. Kuna duka linaitwa Mombasa Marketplace, muulize mumeo kama analitambua. Kuna Tamu Tamu, kuna Dawa Bar. Na kumeandikwa Uhuru 1961. Kijiji ni cha Lamu, mwaka ni wetu wa Tanganyika, Kenya ilisubiri hadi 1963! Mzozo huo nawaachia. Safari ya magari kuwaona wanyama inaitwa Kilimanjaro Safaris, kama dakika 20 hivi. Muiwahi asubuhi wanyama wakiwa bado na nguvu. Utajisikia ajabu kuonyeshwa twiga na mtu wa Florida, lakini nenda tu.

Usiku wa siku hiyo jipeni zawadi ya meza pale Sanaa. Ni mkahawa ulio ndani ya hoteli ya Animal Kingdom Lodge, upande wa Kidani Village, na si lazima uwe umelala hapo. Kupitia dirishani mnaona pundamilia wakila majani. Agizeni ile sinia ya mikate: aina 5 za mikate na vitu 9 vya kuchovya, ladha za Bara Hindi na Afrika zimechanganyika kama jikoni kwetu. Kwa nyama halali wasilianeni nao kabla, msingoje kufika mezani. Na mkahawa wowote mnaoutaka sana, wekeni nafasi siku 60 kabla, ndipo dirisha hufunguliwa. Kama mfuko unaruhusu usiku mmoja tu wa anasa, uwe kwenye hoteli hiyo, chumba chenye kibaraza kinachotazama wanyama. Siku zilizobaki laleni pa kawaida.

Kuhusu woga wa mume wako, hapo kutokuwa na mtoto kunawasaidia. Baadhi ya michezo ya kasi, kama Expedition Everest hapo hapo Animal Kingdom na Test Track ya EPCOT, zina foleni ya mtu mmoja mmoja, ya kujaza viti vinavyobaki. Mara nyingi huenda haraka kuliko foleni kubwa. Wewe ingia humo peke yako upige mayowe, yeye akae na kahawa yake na mkoba wako. Usimlazimishe hata mara moja, na yeye asikukatalie hata mara moja. Nimeona watu na wachumba wao wakigombana mlangoni mwa michezo hiyo kwa sababu tu mmoja aliona haya kusema naogopa.

Kuna pia njia ya kulipia ili kupunguza foleni, inaitwa Lightning Lane. Wageni wa hoteli za Disney huchagua saa zao siku 7 kabla, wengine siku 3. Kwa Januari na kwa watu wawili wasio na haraka, ningelipia siku moja tu, ile ya Magic Kingdom, au nisilipie kabisa.

Siku ya nne msiende popote. Nasisitiza, kwa sababu utaniambia tiketi ni ghali. Siku hiyo usiinunue. Laleni hadi saa nne ya asubuhi, muogelee, mle wali wa kununua mkiwa kitandani. Mwenye watoto hawezi siku hiyo, nyie mnaweza.

Mkifika kiwanja cha kwanza, ulizeni ofisi ya wageni beji za sherehe. Ni za bure, na kuna inayofaa kumbukumbu ya ndoa. Mvae wote wawili, hata Januari, hata kama ndoa ni ya Julai. Kutwa nzima wafanyakazi na watu msiowajua watawaambia hongera. Mumeo anayeuliza mtaonekanaje apate jibu lake hapo.

Na viatu. Mimi nilikwenda na ndara mpya nzuri, siku ya pili nikawa natembea kwa visigino. Vinunue mwezi mmoja kabla, uvivalie kazini.

Mkiingia Harambe nipigieni picha pale penye Uhuru 1961, nione kati yenu nani kanuna.