Ukijua togwa, bia haikusumbui

Bia yangu ya pili hapa Minneapolis iligeuka uji. Ile ya kwanza niliikoroga kwa shira ya kimea, yaani ya nafaka iliyooteshwa, iliyokuja ndani ya kopo. Ikanyweka, ila ladha ilikuwa ya kopo. Ya pili nikajifanya fundi. Nikaloweka kilo nzima ya oti kwenye maji ya moto, nikitegemea zitatoa utamu wake. Nikapata sufuria ya kitu cha kijivu kinachoteleza, kisicho na sukari hata chembe, na ndoo ya bia iliyobaki na utando mpaka chupa ya mwisho.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa najua. Bibi yangu kule Songea alikuwa akitengeneza togwa: anapika uji wa mahindi, anauacha upoe mpaka kidole kivumilie, halafu anakoroga kiganja cha unga wa kimea cha ulezi. Ukikaa hapo unatazama, uji unalegea mbele ya macho yako. Mwiko uliokuwa unasimama wenyewe unaanza kuogelea, na ukilamba ni mtamu ilhali hakuna aliyetia sukari. Ni kile kimea kinachokata wanga kuwa sukari. Oti zangu hazikuwa zimeoteshwa, wala sikuziwekea kimea cha kuzikatia wanga. Zingekatwa na nani?

Basi siku hizi napika bia nusu kwa nusu: utamu mmoja unatoka kwenye nafaka ninayoloweka mwenyewe, mwingine kwenye kopo. Dukani ukisema partial mash watakuelewa. Nafanya hivi kwa sababu jiko langu la umeme haliwezi kuchemsha lita 20 na zaidi hata likilia. Lita 10 linaziweza.

Kwa lita 19 za bia nanunua kilo 1.75 za kimea cheupe cha shayiri, gramu 250 za kimea cha karameli, na kopo la shira la kilo 1.5. Mwambie muuzaji akuparazie nafaka, asizisage zikawa unga. Napasha moto lita 6 za maji mpaka nyuzi 73 za Selsiasi, nazima moto, kisha nazamisha nafaka zikiwa ndani ya mfuko wa kitambaa chepesi. Zikishachanganyika vizuri kipimajoto hushuka mpaka 66 au 67, na hapo ndipo pa kukaa saa nzima. Ukiacha joto lipande sana, kile kinachokata wanga kinakufa, na ukirudisha maji baridi hakifufuki.

Usilinde joto hilo kwa kuwasha na kuzima pleti. Nilifanya hivyo mara mbili. Chini kukaungua, juu kukapoa. Sasa nawasha oveni kwenye joto lake la chini kabisa wakati maji yanapata moto, naizima, naingiza sufuria na mfuniko wake, naenda kufua. Nikirudi, joto limeshuka nyuzi moja au mbili tu. Kama una wasiwasi, chukua tone moja uweke kwenye kisosi cheupe na tone la iodini: likigeuka bluu nyeusi, wanga bado upo, subiri. Kisosi hicho kimwage, usikirudishe sufuriani.

Inua mfuko, uweke kwenye chujio juu ya sufuria, umwagie taratibu lita 4 za maji ya nyuzi 75. Unachopata mimi nakiita togwa tu, maana ni togwa. Ongeza maji yafike lita 10, chemsha dakika 60, na ukisogea mbali na jiko katika dakika kumi za mwanzo utajuta: povu linapanda kama maziwa, na likimwagika kwenye pleti nyumba nzima inanuka sukari iliyoungua siku tatu. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, nanunua za aina ya Cascade: gramu 28 naweka mwanzoni mwa mchemko, nyingine 28 dakika kumi kabla ya kuzima. Shira naitia zikibaki dakika 15, sufuria ikiwa imeondolewa kwenye moto, na nakoroga mpaka mwiko usisikie kitu kinachonata chini. Ndipo narudisha motoni.

Kupoza ni sinki na barafu. Kuna mtu atakushauri usukume sufuria kwenye theluji nje, usimsikilize. Theluji inayoizunguka inayeyuka, inabaki nafasi ya hewa, na sufuria inakaa imejifunika blanketi. Ikipoa, mimina kwenye ndoo uliyoisafisha kwa dawa, jazia maji uliyochemsha jana ukayaweka kwenye friji, hakikisha iko chini ya nyuzi 20, tia hamira ya bia. Ya mkate iache mkateni.

Mke wangu aliwahi kuuliza kama hatutafungwa. Tangu 1979 sheria ya shirikisho la Marekani inaruhusu galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima, 200 mkiwa wawili au zaidi nyumba moja. Kuuza ndiyo marufuku.

Haidromita yangu, kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye bia, husoma kama 1.046 siku ya kwanza na 1.011 baada ya wiki mbili. Usijaze chupa mpaka isome namba ileile siku mbili au tatu mfululizo, la sivyo zitapasuka. Machicha nayakausha kidogo, nachanganya kikombe kimoja kwenye unga wa chapati. Watoto wanalalamika kwamba zina maganda, na kweli zina maganda.